Chachu Yangu Imekamatwa

Sheikh Kasule, wamelifunga tanuri langu! Mkate wa chachu uliowatoa watu Nsambya hadi Kisenyi, leo umekwisha.

Sajini Odur alikuja na askari wake, akaufunua mtungi wa chachu, akanusa. “Mzee, hii ni pombe!”

Pombe, Sheikh! Kwangu mimi, mwadhini!

“Afande, ni unga na maji, vimechacha tu.”

“Basi onja.”

Nami nimefunga! Nikakataa. Akawageukia wenzake: “Mnaona? Anajua ni pombe!”

Wakaukaza mfuniko kwa waya, wakauacha mtungi juani ndani ya gari lao, uwe ushahidi. Nikamwonya kwamba chachu huumuka. Akanipuuza.

Ukapasuka! Askari wote wakalala kifudifudi. Odur, chachu hadi kwenye kope, akalia, “Mzee, niombee!”

Nilimwombea kwa ikhlasi, wallahi. Akainuka, akajipangusa, akalifunga tanuri. Kosa langu si pombe tena, Sheikh. Ni bomu.