Nyundo Ilikuwa ya Benki

POLISI TANGANYIKA, KITUO CHA ARUSHA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)
Kuhusu: kifo cha Avtar Singh, mwenye kiwanda cha mbao, Ngarenaro

Jina: Elifuraha Nasari
Umri: miaka 31
Kabila na dini: Mmeru, Mlutheri
Kazi: tarishi, Benki ya Nyanda, tawi la Arusha
Makazi: Ngarenaro, chumba cha kupanga. Kwetu ni Makumira.
Tarehe na saa: Jumatatu, 18 Juni 1956, saa 3.15 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Sajini Ndesanjo amenionya kwamba maelezo niliyoyatoa hapa tarehe 14 Juni bado yamo kwenye jalada, na kwamba nikisema tofauti leo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nasema.

Nimefanya kazi benki tangu Machi 1952. Nilikuwa nahitaji kazi kwa sababu baba yangu alikuwa miongoni mwa waliohamishwa na serikali kutoka Ngare Nanyuki mwaka uliotangulia, na wazee wangu hawakuwa na shamba tena. Kazi yangu ni kuchukua barua posta, kupeleka barua kwa wateja, kufagia, na kufungua masanduku ya sarafu yanayoletwa kutoka Moshi. Masanduku hayo ni ya mbao, yamepigwa misumari. Nayafungua kwa nyundo ya benki, ambayo mpini wake umefungwa waya. Nimesoma hadi darasa la nane na Kiingereza cha barua nakisoma.

Marehemu Avtar Singh nilimfahamu vizuri. Alikuwa mteja wetu na kiwanda chake kiko nyuma ya mtaa ninaokaa. Benki ilimpa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zile alizoweka, mwisho shilingi elfu nne. Kila Ijumaa alileta hundi ya shamba la kahawa la Usa River linalonunua mbao zake. Kila Jumamosi aliandika hundi zake mwenyewe, za magogo na za dizeli. Hundi zake zikipita ile elfu nne, benki ilimkata shilingi kumi na tano kwa kila hundi.

Hundi ya Usa River ilikuwa haiandikwi kwenye leja siku ya Ijumaa. Iliwekwa ndani ya droo ya keshia mpaka Jumanne. Kwa hiyo Jumamosi hundi za Bwana Avtar zilionekana zimepita ile elfu nne, na akakatwa. Aliyeagiza hivyo ni Meneja wetu, Mzungu. Keshia wetu, Bwana Firoz, ndiye aliyeniambia, mwezi wa Februari mwaka jana, tukiwa wawili tu. Nilimwuliza kwa nini asikatae. Alisema, "Mimi nina watoto wanne, Elifuraha. Wewe una wangapi?" Nilisema wawili. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Mwezi wa Novemba, tarehe siikumbuki, Bwana Avtar alinisimamisha njiani karibu na kiwanda chake. Alikuwa na mavumbi ya mbao kwenye ndevu. Akaniuliza, "Elifuraha, hundi yangu inalala wapi siku nne?" Nikamjibu, "Sijui, Bwana." Nilijua.

Aligundua mwenyewe. Alizitunza stakabadhi zote tulizomgongea muhuri, akazilinganisha na karatasi za hesabu alizoletewa na benki. Stakabadhi zilisema Ijumaa, karatasi zilisema Jumanne. Alihesabu hundi mia moja na ishirini na nne kwa miezi kumi na minne. Hiyo ni shilingi elfu moja mia nane na sitini. Aliandika barua tatu kwa Meneja kuomba arudishiwe. Majibu nilimpelekea mimi. Ya mwisho, mwezi wa Aprili mwaka huu, aliisoma mbele yangu, akacheka kidogo, akasema, "Meneja anasema ni kanuni. Mimi nimeomba anionyeshe hiyo kanuni." Mwezi huo huo aliuza lori lake moja ili awalipe vibarua. Kisha akaandikia makao makuu ya benki, Nairobi.

Mnamo tarehe 11 Juni, Jumatatu, nilichukua posta barua ya Nairobi yenye muhuri mwekundu, nikamkabidhi Meneja. Siku ile ile ilikuwapo nyingine ndogo kutoka Nairobi, ya Bwana Avtar, nikampelekea kiwandani. Ilimwambia kwamba dai lake limejibiwa kupitia tawi la Arusha, na aende akaonane na Meneja. Alimwita mkewe kutoka ndani akamsomea. Mimi alinipa chai.

Mnamo tarehe 14 Juni, Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana Avtar alifika benki. Alivaa koti na kilemba cheupe. Mikononi hakuwa na kitu isipokuwa bahasha ya stakabadhi zake. Nilimfungulia mlango wa ofisi ya Meneja mimi mwenyewe. Nilibaki mle ndani kwa sababu sanduku la sarafu lilikuwa pembeni mwa kabati la chuma na nilikuwa sijamaliza kulifungua. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Meneja alimpa karatasi atie sahihi. Walizungumza Kiingereza, mara Kiswahili. Karatasi ilisema benki inampa shilingi mia tatu kwa hisani, naye hatadai tena. Meneja akasema asipotia sahihi, alipe ovadrafti yote kabla ya Jumamosi.

Bwana Avtar alisoma taratibu, kidole juu ya mstari. Akasema, "Mimi sikuja kuomba msaada. Hii pesa yangu. Nionyeshe barua ya Nairobi."

Meneja akasema, "Barua ile ni ya benki."

"Basi nisomee tu. Mimi nitasikiliza."

Barua ilikuwa mezani, muhuri mwekundu unaonekana. Bwana Avtar akanyoosha mkono kuichukua. Meneja akasimama, akamsukuma kifuani kwa mikono yake miwili. Alirudi nyuma, mguu ukagonga sanduku nililokuwa nafungua, akaanguka, na kichwa kikapiga pembe ya kabati la chuma. Hakupiga kelele. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Nilipiga magoti. Kilemba kilikuwa kimemtoka, nikakikunja nikakiweka chini ya kichwa chake. Alikuwa anapumua. Damu ilitoka sikioni. Nikasema, "Bwana, nikimbie hospitali." Kwenda hospitali kwa miguu ni dakika kumi, kwa kukimbia ni tano. Meneja akasema, "Ngoja." Akafunga mlango kwa ufunguo.

Tulikaa hivyo. Meneja alikusanya karatasi za mezani. Baadhi zilianguka. Alikunywa maji. Kisha aliichukua nyundo pale sakafuni nilipoiacha, akaiweka karibu na mkono wa kulia wa Bwana Avtar. Akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe umeona. Alikuja na nyundo, alitaka kunipiga. Kama hukuona hivyo, kazi hakuna, na polisi watauliza nani alileta nyundo hapa." Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Daktari aliitwa kwa simu saa nne na dakika hamsini. Kwa muda wote huo wa nusu saa Bwana Avtar alikuwa hai na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, mlango umefungwa. Aliaga dunia hospitali mchana ule, kama nilivyosikia.

Nilipopiga deki niliikuta barua ya Nairobi chini ya meza. Niliisoma. Inamwagiza Meneja amrudishie Avtar Singh shilingi elfu moja mia nane na sitini zote, na amwombe radhi kwa maandishi. Niliikunja nikaitia ndani ya soksi. Saa tisa alasiri nikaja hapa kituoni pamoja na Meneja, nikasema nilimwona marehemu ameinua nyundo. Si kweli. Hakuigusa nyundo ile akiwa na akili zake.

Jumamosi tarehe 16 walimchoma kwa desturi yao. Nilisimama mbali, barabarani, pamoja na vibarua wa kiwanda.

Jana Jumapili, baada ya ibada, mke wa marehemu alikuja chumbani kwetu Ngarenaro na Philemoni, mnyapara wa kiwanda. Mke wangu Ndeshi alimpa kiti, hakukaa. Akaniuliza, "Elifuraha, wewe ulikuwa ndani. Watoto wanaambiwa shuleni baba yao alikwenda kuua Mzungu. Alikwenda kuua?" Nilitazama chini. Akasema, "Samahani kwa kusumbua," akaondoka. Samahani aliisema yeye.

Ndeshi hakupika jana. Aliniambia, "Wakikufukuza tutakwenda Makumira tukalime vibarua. Lakini mama yule usimwache vile." Leo asubuhi nilimpitia Bwana Firoz, nikamwomba tuje wote, aseme habari ya droo. Alifunga mlango. Simlaumu. Mimi nilifunga wangu tangu Februari ya mwaka jana.

Barua ya Nairobi ni hii hapa, nimeikabidhi. Najua ni mali ya benki na niliichukua bila ruhusa. Mjane apewe fedha zile, na watoto waambiwe baba yao alikwenda kudai haki yake akiwa na bahasha.

Niliyoyaona na niliyoyafanya nimeyaeleza yote, wala sikuahidiwa kitu. Naomba haya yashikwe kuwa ndiyo maneno yangu, na yale ya tarehe 14 yafutwe.

(Sahihi) E. Nasari

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maneno yake kwa Kiswahili na amekubali kuwa ni sahihi. Nimemweleza kuwa maelezo ya tarehe 14 hayawezi kufutwa, yatakaa pamoja na haya. Nimepokea barua moja, kurasa mbili, yenye muhuri mwekundu na doa la damu kwenye pembe ya chini, nikaiandika Kielelezo A. Nimempigia simu Mrakibu wa Polisi saa 5.10. Kwa amri yake, shahidi amewekwa mahabusu kwa kutoa habari za uongo kwa polisi na kwa wizi wa barua, mali ya mwajiri wake. Mkewe amearifiwa. Meneja wa benki ameombwa kwa simu afike kituoni wakati utakaomfaa.

(Sahihi) Sajini Ndesanjo, saa 5.40 asubuhi