Kicheko cha Wambui

Jumamosi usiku, Lewisham

Huyo Daniel simpendi, basi. Leo nilimfuata mke wangu, Wambui, hospitalini anakofanya kazi, nikamkuta kwenye kituo cha basi na huyo Daniel, nesi mwenzake. Walikuwa wakicheka mpaka Wambui amemshika mkono. Mimi hajacheka nami hivyo tangu tutoke Nakuru kuja huku ng'ambo.

Aliponiona akanyamaza. Hapo ndipo roho iliponiuma hasa.

Ndani ya basi nikamuuliza, "Mbona nyumbani huchekagi hivyo?"

Akaniegemea begani. "Baba Njeri, kule nacheka ili wanizoee. Kwako ndiko ninakopumzika."

Akasinzia papo hapo. Sikutaka kumwamsha, tukapitiliza kituo chetu, tukarudi kwa miguu kwenye mvua.

Namwamini. Lakini ule mkono...