Mguu Uupandishe Mwenyewe

Missouri City, Jumapili

Mdogo wangu Mwadime,

Kosa la wengi wetu ni kudhani mguu mzito ni ugonjwa wa goti, basi goti linakandwa kutwa. Mguu huinuliwa na tumbo la chini na misuli ya mbele ya nyonga, na misuli hiyo husinyaa mtu akikaa tu. Nisamehe kutanguliza hilo kabla ya salamu. Hujambo? Baridi ya Wundanyi imepungua? Mimi ni mzima, bado natunza wazee majumbani mwao.

Juzi Wakio, mkaza mwanao, aliniambia kwenye simu kwamba mfupa wako uliovunjika umeunga na daktari amekuruhusu mazoezi, lakini yeye ndiye anayekupandishia miguu kitandani. Nikamwuliza kwa nini.

"Shangazi, nimwache baba ahangaike, watu waseme nini?"

Shemeji yako nilimfanyia hivyo hivyo, na nikaona fahari. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija nyumbani aliniuliza, "Mama, leo nani kafanya mazoezi, wewe au yeye?" Shemeji yako akamjibu, "Mwache, anajiandaa kwa mashindano." Tukacheka wote. Baada ya miezi michache hakuweza kukaa bila kushikwa. Kifua kikajaa, tukamzika huku ugenini. Daktari aliandika nimonia. Mimi najua ni nani aliyemzoeza kulala.

Sasa nami nilijikuta navuta suruali kwa mkono ili mguu uingie garini. Ndipo nikaanza zoezi lile nililomnyima shemeji yako kwa kudhani namheshimu. Kaa kwenye kiti kigumu, usiegemee. Shika kingo zake. Toa pumzi, vuta kitovu ndani, pandisha goti moja kuelekea kifuani, hesabu tatu, ulishushe polepole. Usijirushe nyuma, maana hapo mgongo unafanya kazi na nyonga inapumzika. Mwanzoni litapanda kiasi cha unene wa daftari, tena kwa kutetemeka. Inatosha. Lisipopanda kabisa, jaribu tena kesho.

Wasalimie wajukuu na yule jirani yenu niliyefundisha naye shule zamani. Wakio mwambie sikumkasirikia, namwogopea. Sitaki kupanda ndege kwa ajili ya mazishi mengine.

Leo, Wakio akija kukulaza, mwambie asimame mlangoni, kisha upandishe mguu mmoja mwenyewe.

Dada yako,
Mghoi