Kadi ya Nyumba Yetu

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Kwa mama yangu mpendwa, Mama Masanja,

Shikamoo mayu, na baba naye mpe shikamoo yangu. Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho kimevurugika, na sababu utaiona. Habari za hapo Runzewe? Mgongo wako unaendeleaje? Mvua imenyesha, au bado mnatazama mawingu? Barua yenu ya mwisho niliipata kabla ya msimu wa kulima, ikasema wote hawajambo. Tangu hapo kimya.

Mliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wanacheka kwamba nimesoma mpaka kidato cha nne ili nije kutoboa karatasi. Wacheke tu, wamesema kweli. Kuna kompyuta hapa, imefungiwa kwenye chumba cha baridi nyuma ya kioo, na mimi sijawahi kuingia humo. Wanaisifu kwa akili, lakini mwandiko wa mtu haiwezi kuusoma hata kidogo. Basi sisi wasichana kumi na wawili ndio tunaoisomea. Kila mmoja ana mashine yenye vibonye kama taipureta. Mkono wa kushoto unafunua fomu, wa kulia unabonyeza tarakimu, na macho hayaruhusiwi kutazama vidole. Ukibonyeza, mashine inatoboa tundu kwenye kadi ngumu, na kwa mahali lilipo tundu kompyuta inajua kama umesema tatu au saba. Vipande vya karatasi vinarukia mpaka kwenye nywele. Mama mwenye nyumba wangu huniuliza kila jioni kama nimetoka harusini.

Kadi zangu zikimalizika zinakwenda kwa Zuhura, msichana wa Tanga anayekaa nyuma yangu. Yeye anabonyeza upya fomu zilezile kwenye mashine nyingine, ambayo haitoboi, inalinganisha tu. Tukitofautiana, inajifunga na kuwasha taa nyekundu. Msimamizi wetu anatukumbusha kila asubuhi: "Bonyeza unachokiona, si unachokijua."

Sasa sikiliza, mayu. Jumanne nililetewa fomu za kaya za huko kwetu, zile mlizojaziwa na karani wa sensa aliyepita nyumba kwa nyumba. Nilifurahi sana! Nikawa nasoma majina ya majirani huku nacheka peke yangu, mpaka nikafika kwenye jina la baba. Nikateremka kwenye mstari wako. Watoto uliowazaa: wanne. Walio hai: watatu.

Nilisoma mara ya pili na ya tatu. Karani ana mwandiko mzuri, hata huwezi kusema ile ni tarakimu nyingine. Masanja, mimi, Kulwa na Doto, hao ni wanne. Nikabonyeza nne. Sikukaa nikapanga, mkono ulikwenda wenyewe.

Baada ya kitambo kidogo nikasikia mashine ya Zuhura imenyamaza.

"Kabula, hii vipi? Mimi naona tatu, wewe umetoboa nne."

"Wako wanne," nikamwambia.

"Unawajua?"

Msimamizi akaja, akatazama fomu, akatazama kadi. "Umechoka, binti? Toboa kadi nyingine." Akasimama pale pale begani kwangu. Nikaingiza kadi mpya, nikaanza upya, nikafika kwenye mstari ule, nikabonyeza tatu. Tundu likatoboka. Zuhura akairudia na taa haikuwaka.

Tuliapa kutosema yaliyomo kwenye fomu. Lakini nakusimulia wewe jambo ulilolisema mwenyewe, sijui kama hiyo nayo ni dhambi. Siku hizi sijui mengi.

Nawaza hivi, kisha nawaza vile. Nakumbuka zahanati, nilipokuwa mdogo: muuguzi alikuuliza una watoto wangapi, ukataja pungufu ya mmoja. Njiani nilipokuuliza ukanigombeza, "Watoto si mbuzi, hawahesabiwi mbele ya mgeni." Nikikumbuka hilo napumua. Lakini kama ulitaka kuficha, kwa nini kule juu ulisema wanne? Au hilo la wanne alilisema baba kutoka uani, kwa vile yeye hajui kuficha, na wewe ukawahi kumzuia kwenye swali lililofuata? Naliona hilo kabisa. Halafu namkumbuka Masanja, aliyesema anakwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu. Namkumbuka Kulwa na mimba yake ya kwanza. Namkumbuka Doto na kifua chake. Narudi pale nilipoanza.

Ningewapigia simu ya maandishi, lakini unajua ikifika kwetu watu huanza kulia kabla ya kuifungua. Sitaki kukuua kwa hofu kwa sababu ya hofu yangu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nimelizungukia barua nzima. Siku niliyoondoka hukunisindikiza hata mpaka barabarani. Ulisema binti anayekataa kuolewa na kwenda mjini hajulikani tena ni wa nani. Kama karani alipouliza walio hai ulimtoa Kabula, mayu, nakuomba uniambie hivyo tu. Sitakasirika. Tangu Jumanne naomba usiku na mchana iwe ni mimi.

Msalimie baba sana. Msalimie kaka Masanja, mwambie mashimo hayana huruma. Msalimie Kulwa na kilichomo tumboni, au mikononi kama amekwisha kujifungua. Msalimie pacha wake Doto, asilale kwenye baridi. Nimejaribu kumruka mmoja wao katika salamu hizi, kalamu imekataa. Mfikishie kila mmoja yake, na yule ambaye salamu yake haitafika, niandikie jina lake.

Mimi mwanao, niliye hai,

Kabula