Udongo wa Zipora

Samuye, 4 Februari 2024

Mwanangu Coletha,

Mwangaluka. Habari za tangu siku ile niliyotoka mbio kwako? Sisi huku wazima. Baba yako anakohoa kidogo ila nguvu za kugomba anazo. Nakuandikia kwa sababu simu ni yake, na akiiweka sauti ya juu hata wapita njia wanachangia maneno. Barua nampa Selestine, kondakta wa basi la Geita.

Nimeambiwa una mimba ya miezi mitatu. Nimefurahi, halafu nimeogopa. Yule wa kwanza alitutoka hukohuko Rwamgasa bila sisi kujua sababu, na huyu simtaki atutoke.

Nikwambie kilichonikimbiza. Mume wako Innocent alichukua kikaango, kilekile ulichonikaangia dagaa, akaweka lile donge la dhahabu na zebaki, akalichoma jikoni, moshi unatembea juu ya sufuria ya ugali. Alipomaliza akakifuta kwa kanga yako. Nilitoka nje nikatapika, majirani wakadhani mwenye mimba ni mimi.

Sasa sikiliza. Kichefuchefu kikizidi, kula udongo. Nilipokuwa na mimba yako nilimega kichuguu cha nyuma ya zizi mpaka baba yako akaniuliza kama nimekuwa mchwa. Bibi yako vilevile. Mwili una akili zake, ukitaka udongo usiunyime.

Ni mimi mama yako, mayu wako.

Rwamgasa, 25 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Na baba mpe shikamoo yake. Hatujambo, isipokuwa mate yananijaa mdomoni kutwa. Innocent anasema mkwe alimkimbia bila kuaga, ila kinyongo hana.

Udongo nakula, mama. Jirani yangu Zipora anafinyanga pemba, zile za udongo wa kula, anazikausha kwa moshi, nanunua kila asubuhi. Laini kuliko kichuguu chetu, haina hata chenga, inayeyuka ulimini kama unga wa muhogo. Bila hiyo hata chai haikai tumboni.

Nilimuuliza nesi Agatha wa zahanati hamu hii inatoka wapi. Anasema watu wa kale kabisa, kabla ya jembe, hata kabla binadamu hajawa na sura hii, walikula majani na mizizi yenye sumu. Mama aliyelamba udongo, udongo uliishika ile sumu, mtoto wake akaishi. Asiyelamba, wake alikufa. Sisi ndio wajukuu wa wale walambaji, na hamu yao tumeirithi. Anasema ndivyo binadamu alivyobadilika tangu alipokuwa ndugu na nyani, bado anabadilika, na siku hizi anajibadilisha mwenyewe kwa anavyoishi. Usimwambie katekista.

Mwanao, Coletha.

Samuye, 3 Machi 2024

Mwanangu,

Mwangaluka. Mimba inakwendaje, miguu haijavimba? Nisamehe salamu zangu fupi, moyo unanikimbia.

Ya nyani mwachie nesi. Labda upande wa baba yako, nikiwatazama shangazi zako. Ila la kurithi silikatai. Baba yako huhasi madume dhaifu, hubakiza moja, na ndama wanafuata dume hilo. Ng'ombe wa babu yake hawakuwa hawa.

Kinachoninyima usingizi ni huo ulaini. Nimesaga unga maisha yangu yote. Udongo hauwi hivyo wenyewe, kuna aliyeusaga, na huko kwenu mashine ya kuponda mawe ya dhahabu inalia kutwa. Nilipokuja nilimwona Zipora akichota tope nyuma ya mwalo, pale wanapooshea dhahabu, kwenye lundo la mabaki. Nikadhani anakwenda kuziba ukuta. Coletha, tope hilo wanalikandia zebaki kwa mikono mitupu. Lina rangi ya ini bovu na juu yake wanakojoa. Nikifikiria liko kinywani mwako, kinyaa kinanipanda mpaka kooni.

Udongo wa bibi zetu ulishika sumu ndani ya tumbo. Huu umekuja nayo tayari. Na mwili wako hauna habari, unaona udongo tu, unafurahi. Mwili unakwenda mwendo wa ng'ombe, watu wamepanda pikipiki. Kwetu baba yako huchagua dume kwa macho yake. Huko kwenu zebaki ndiyo inayochagua nani azaliwe, nanyi mnaipa kikaango.

Acha leo. Nijibu kwa Selestine huyuhuyu.

Mayu wako.

Rwamgasa, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Nilikasirika. Nilimsomea Zipora barua yako, akasema, "Mama yako anaringa huyo, sisi sote tumekula na tunazaa." Nikaendelea kula mpaka baada ya Pasaka. Nilijaribu kuacha, mama, mwili ukanidai kama mtoto anayelia.

Halafu asubuhi moja nikavunja pemba vipande viwili. Ndani kikatoka kitone kinang'aa, kikakimbia kiganjani kama chawa wa fedha. Nilitapika mpaka nyongo. Zipora alikiona. Tangu hapo hajauza, na hanisalimii.

Nesi anasema hakuna wa kuniahidi kitu. Mtoto anacheza, tena kwa nguvu. Innocent sasa anachomea nje, ila upepo ukivuma anarudi jikoni. Nataka kuja kujifungulia kwako. Nisubirie na kichuguu, bado nina hamu.

Mwanao, Coletha.

Samuye, 16 Juni 2024

Mwanangu Coletha,

Mwangaluka, na huyo anayecheza humo ndani naye mwangaluka.

Usishtuke kwa nitakayosema. Baba yako aliwakodishia vijana kile kichuguu. Wanasema mchwa hupandisha dhahabu kutoka chini. Walishakikata nusu. Jumapili iliyopita natoka kanisani, namkuta mkubwa wao, Abel, kwenye jiko langu, kikaango changu mkononi, donge la zebaki ndani, anachochea moto. Baba yako kakaa kwenye kigoda anatazama kama mtu anayesubiri chai.

Nilikichukua kikaango na vyote vilivyomo, nikakitumbukiza kwenye choo kile cha zamani. Nilisikia kilivyotua.

Abel akasema, "Mama, ile ni dhahabu."

Nikamwambia, "Na hivyo vingine vilivyomo chooni vilianza vikiwa chakula. Vifuate."

Wameondoka. Choo nimekifukia. Baba yako haniongeleshi, ila ugali anakula. Jiko nimelisiriba upya, na ile nusu ya kichuguu mchwa wameshaanza kuijenga.

Mtoto akija mzima, vizuri. Akija na kasoro, ni wetu, na hapa hakuna wa kumchagua wala kumkataa. Panda basi la Selestine wiki hii. Kikaango sina tena, dagaa tutawachemsha.

Mayu wako, bibi yake.