Barua ya Mkwe Inasubiri Saini Yangu

Mshauri mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi nakusubiri uniamkie, naomba unisaidie kwa sababu nimejifunga kamba mwenyewe na sasa sioni pa kuifungulia. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi ya mitambo ya maji miaka thelathini na moja, kazini waliniita Mzee Pampu na hata wewe niite hivyo, mke wangu alifariki, na miaka mitano iliyopita binti yangu, ambaye ni muuguzi huku ugenini, alinifuata akanichukua, nikahamia kwake ghorofa ya nne, chumba changu kina dirisha linaloangalia maegesho ya magari, nakula vizuri, naheshimiwa, sina la kulalamika.

Pensheni yangu inaingia benki ya nyumbani kila mwezi, na kadi nilimwachia mdogo wangu pamoja na namba ya siri na ile laini ya simu ambayo benki hutuma ujumbe, ni mtu mwaminifu ingawa nikimuuliza salio hunijibu "ipo, ipo". Sasa ofisi ya pensheni ilikuwa na sheria kwamba kila mwaka mstaafu ajipeleke mwenyewe, aonekane kwa macho na aweke dole gumba, wajue kwamba yuko hai, la sivyo malipo yanasimama. Mwaka wa kwanza nilikwenda, binti akalipa tiketi, wa pili vilevile. Kabla ya safari ya tatu ikaja barua kwamba mstaafu anayeishi nje hana haja ya kusafiri tena, ajaze fomu, agongewe muhuri ubalozini, aitume, basi. Ubalozi uko vituo sita vya treni kutoka hapa. Mshauri, niliisoma barua ile mara mbili, nikaikunja, nikaitia ndani ya kiatu changu cha harusi ambacho sikivai. Nimekwenda tena mara mbili, na tiketi kalipa yeye.

Siendi kufanya la maana. Nalala chumba cha uani kwa mdogo wangu, siku ya kwanza nahakikiwa dakika kumi, halafu kesho yake narudi palepale ofisini, na keshokutwa, nakaa kwenye benchi la nje na wenzangu wa zamani, mmoja alikuwa msoma mita na mwingine karani wa stoo, tunabishana ni nani aliyevunja ile valvu kubwa, kila mmoja anamsingizia mwenzake, nacheka mpaka mbavu zinauma. Huku sijacheka hivyo hata siku moja.

Sasa goti linanisumbua, na mwezi uliopita binti alisema atachukua zamu za ziada ili anikatie tiketi ya mwaka huu. Nikamkuta amelala kwenye kiti na viatu vya kazini miguuni, roho ikaniuma. Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu na barua za kiofisi anaziweza hasa, akasema mzee anateswa bure, akaiandikia ofisi ya pensheni kurasa mbili akiomba nisamehewe kusafiri, tena pensheni iletwe moja kwa moja benki ya huku na akaunti ya nyumbani ifungwe. Barua iko juu ya friji inasubiri saini yangu. Nikisaini, ofisi itamjibu kwamba sheria hiyo ilifutwa zamani, na nitaumbuka. Nisiposaini, nitasema nini? Jana mkwe kaniuliza, "Baba, umekosa kalamu?" Nikamwambia natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Mzee Pampu

*

Mzee Pampu, shikamoo. Umenizidi, nimepiga hesabu. Heshima nimeshatoa, sasa nisikilize.

Umemfanya mwanao alipe tiketi kwa jasho la wodini kwa ajili ya sheria ambayo haipo. Mara mbili, na ya tatu inakuja. Ulipomwona na viatu miguuni ungemwamsha ukamwambia, badala yake umeniandikia mimi.

Pole lakini, tena ya dhati. Mtu hadanganyi watoto wake kwa ajili ya benchi la ofisi kama hajakaukiwa na watu. Hilo hawalijui kwa sababu kila wakikuuliza unasema huna la kulalamika, na mimi pia umeniambia hivyohivyo.

Usisaini. Akaunti ya nyumbani isifungwe kwa haraka. Mkwe ana nia njema, ila kaandika kabla ya kuuliza. Ulizeni ofisi kama inalipa benki za nje na inakata kiasi gani. Ulizeni benki zote mbili ada ya kutuma na bei ya kubadilisha fedha, maana hapo ndipo pensheni huliwa kimyakimya. Huenda kuhamisha mara moja kwa miezi mitatu kukawa nafuu kuliko kila mwezi. Ulizeni kodi pia, usije ukakatwa huko na huko. Na benki ya nyumbani waambie unaishi nje, wasije wakaifunga akaunti siku ambayo unaihitaji.

Huyo mdogo wako wa "ipo, ipo" umempa kadi, namba ya siri na laini ya simu. Umebakiza nini? Ukienda, nenda naye benki, uchukue taarifa ya mwaka mzima, ubadilishe namba ya siri, na laini uondoke nayo. Kama ni mwaminifu hatanuna. Ukitaka aendelee kukusaidia, benki ina utaratibu wa kumruhusu kwa maandishi.

Fomu ya ubalozini ujaze kila mwaka bila kukumbushwa. Vituo sita, goti litafika. Na nyumbani uende, kwa tiketi ya pensheni yako, hata kama ni kila baada ya miaka miwili.

Leo, kabla binti hajaingia zamu, toa ile barua kwenye kiatu, iweke mezani mbele yao wote wawili. Usianze na goti, wala usimtaje marehemu. Mwambie, "Mwanangu, ofisi hainiiti. Ni mimi ninayetaka kwenda." Halafu nyamaza, umwache akasirike au alie, ana haki ya vyote viwili. Na usianze kutafuta miwani.