Mpini wa Otto

Jumatatu, 3 Februari
Mdogo wangu Arlys amekuja na karatasi za nyumba ya wazee. Kazipanga mezani kwangu kama anagawa karata. Eti chumba kina dirisha. Hata gerezani kuna dirisha! Kisa: nimeanguka mara mbili tangu Krismasi, moja mbele ya kaunta ya nyama. Sikio langu la ndani likikorofisha, dunia inazunguka, mimi naenda chini. Arlys ana huruma ya karani wa forodha.

Tumekubaliana: Ijumaa, mgahawani, samaki wa kukaanga. Jimbo letu zima la Wisconsin hula samaki Ijumaa, kwa hiyo mashahidi watakuwapo. Niende kwa miguu yangu, mimi na mbwa, kutoka kwenye gari hadi mezani. Nikifika nimesimama, karatasi anazichana. Nikianguka, nasaini.

Otto, mbwa wangu msaidizi, amemaliza mafunzo. Kilichobaki ni vifaa vyake.

Jumanne, 4 Februari
Bi Halvorsen, aliyemfundisha Otto, anasema vitu viwili tu: mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu wa kushikilia, na viatu, maana chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu humchoma nyayo. "Mengine ni sarakasi."

Nimeingia mtandaoni. Sarakasi kweli! Vizibao vya rangi za jeshi. Beji kumi na moja kwa mbwa mmoja — jenerali gani anazo? Na kitambulisho chenye picha ya mbwa na mhuri wa dhahabu: "Amesajiliwa kitaifa." Wapi? Sheria nimeisoma mwenyewe, mara mbili, na miwani. Hakuna usajili. Mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu ni msaidizi kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Basi.

Jirani yangu Duane kanunua vyote. Vya Muffin, kijibwa cha ukubwa wa mkate. Kazi yake inayojulikana: kumng'ata mleta barua.

Jumatano, 5 Februari
Vipimo, kwenye banda la Bi Halvorsen. Nilitaka mpini mrefu, nisionekane nimeinama.

"Lorna, unachagua cha kushikilia au cha kupigia picha?"

Kumbe mpini mrefu, ukiuegemea, unampinda mbwa mgongo. Haya. Nimechukua mfupi. Natembea kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

Viatu: Otto aliinua mguu mmoja mmoja kama bibi harusi anayevuka tope. Baada ya dakika kumi akasahau. Mimi na aibu yangu tungehitaji mwezi.

Alhamisi, 6 Februari
Majaribio. Duka la vyakula. Meneja, tai fupi, sauti ndefu: "Mama, kizibao chake kiko wapi?"

Nikamwambia hakihitajiki, aniulize maswali yake mawili. Hakuyajua! Nikamfundisha maswali, kisha nikayajibu. Wakati huo huo Duane anapita, Muffin ndani ya toroli, kakalia saladi, kizibao kinang'aa, anabweka. Meneja akawapungia mkono wapite.

Duane akaninong'oneza: "Jirani, nunua kadi tu. Wanapenda kadi."

"Ya uongo, Duane."

"Uongo unaopita mlangoni."

Kilichoniudhi zaidi — niliifikiria njia nzima ya kurudi. Nimefungua ukurasa ule wa kadi. Nimeweka picha ya Otto. Ametoka vizuri, mshenzi. Nimefuta.

Ijumaa, 7 Februari, saa kumi na moja jioni
Kwenye benchi, mlangoni mwa mgahawa. Kutoka kwenye gari mpaka hapa hatua thelathini na nane — barafu, chumvi, tope la theluji. Sikuyumba! Vidole vimekufa ganzi kwa kung'ang'ania mpini. Zimebaki hatua kumi na mbili hivi.

Mpokea wageni kanizuia. Anataka kadi. Nimemjibu maswali mawili ambayo hakuuliza. Anasema Ijumaa iliyopita mbwa mmoja mwenye kadi alimng'ata mhudumu, ndiyo maana sasa kila mbwa lazima aonyeshe kadi. Kadi! Si meno! Simtaji mtu, ila mbwa huyo alikuwa wa ukubwa wa mkate.

Kaenda jikoni kumwita mwenye mgahawa.

Arlys yuko meza ya katikati, mkoba mapajani, kalamu bila shaka imo. Ameanza kunyanyuka aje kunichukua. Nikamwonyesha kiganja: kaa! Otto akakaa. Arlys hakukaa.

Sasa sikio linavuma. Sakafu inainama kushoto, kidogo tu, kama inanijaribu. Otto ameshasimama tena, kaniegemea goti bila kuambiwa. Nikibaki hapa benchini hakuna atakayejua. Mwanamke kakaa, basi. Na Arlys atafika na kunishika kwapa mbele ya watu wote hawa wenye vitambaa vya karatasi shingoni.

Mwenye mgahawa huyo anakuja, anafuta mikono kwenye aproni. Arlys kutoka kulia, yeye kutoka kushoto.

Namjibu nimesimama.